Perege wa Korogwe na Historia ya Kuhamisha Samaki

Yuko samaki aliyepewa jina la Korogwe. Katika vitabu vya sayansi anaitwa Oreochromis korogwe. Kwa watu wa mtoni ni perege tu. Jina hilo lilichapwa London mwaka 1955, katika jarida la Jumba la Makumbusho la Uingereza, na aliyeliandika ni Rosemary Lowe, mtafiti aliyetumwa na kituo cha utafiti wa samaki cha Jinja, Uganda, kuwachunguza perege wa Afrika Mashariki. Katika makala hiyohiyo alieleza pia perege wengine wa mto Pangani na wa Ziwa Jipe ambao sayansi ilikuwa haijawatambua.

Habari za samaki huyu haziishii Korogwe. Majaribio ya mwanzo ya kufuga samaki katika Tanganyika yalifanyika hapa, mwaka 1949. Magugu maji yaliingia katika mito ya Tanga miaka ya 1950, miongo mitatu kabla ya kuziba ghuba za Ziwa Victoria. Ngege wa Victoria waliletwa wakapandwa katika maji ya Pangani, na baadaye huko kwao wakaja kumezwa na mgeni mwingine. Ukiisoma historia ya mto huu bila ile ya maziwa makuu, hutaielewa hata moja. Ukizisoma pamoja, zinatoa fundisho moja: samaki hahami peke yake. Anakwenda na ulaji wake, na ulaji huo ndio unaopanga upya nani atashiba na nani ataliwa katika maji anayoingia.

Mto, milima na nchi kavu

Pangani huanzia Kilimanjaro na Meru. Mto Kikuletwa na mto Ruvu, huu wa pili ukitokea upande wa Ziwa Jipe, hukutana mahali ambapo leo pana bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto hushuka kusini katika tambarare kavu chini ya milima ya Upare na Usambara, ukapokea mto Mkomazi, kisha Luengera hapo Korogwe, ukaporomoka kwenye maanguko ya Hale na kuingia baharini mjini Pangani. Safari yote ni takriban kilomita 500. Kaskazini ya mto iko milima ya Usambara yenye misitu na vijito visivyokauka. Kusini yake iko Handeni, nchi ya Wazigua, ambako vijito vingi ni vya msimu na maji ya upande mmoja hukusanywa na mto Msangasi.

Ukame umeiandika historia ya Uzigua. Njaa ya miaka ya 1830 iliwasukuma Wazigua wengi kuuzwa utumwani, na baadhi yao wakafikishwa hadi kandokando ya mto Juba, Somalia. Wajukuu wao waliishi huko na lugha yao kwa zaidi ya karne moja na nusu. Vita vya Somalia vilipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengine walikimbilia Tanzania, na hatimaye wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, katika nchi ya mababu zao. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu mazingira ya Uzigua, ameonyesha jinsi njaa, tauni ya ng'ombe na vichaka vya mbung'o vilivyowaandama watu wa nchi hii hadi kufikia enzi ya mkoloni. Katika nchi ya namna hiyo, mto usiokauka ulikuwa amana kubwa. Katika karne ya 19 baadhi ya vijiji, kama Maurui, vilijengwa kwenye visiwa vya mto wenyewe, ambako maji yalikuwa ngome na ghala kwa wakati mmoja.

Ghala hilo lilikuwa na utaratibu wake. Katika ziwa kubwa lenye kina, mlo wa kwanza wa viumbe wote ni mwani usioonekana kwa macho, unaoelea karibu na uso wa maji palipo na mwanga. Mtoni mambo ni tofauti. Maji yanakwenda mbio na mara nyingi yana tope, kwa hiyo chakula kingi hutoka nchi kavu: majani yanayoanguka, matunda, wadudu, udongo unaosombwa na mvua. Mwani hujishikiza kwenye mawe na mashina ya matete. Perege hukwangua mwani huo na kuokota mabaki yaliyooza chini. Ningu hufyonza tope. Kambare hula chochote kinachopita mbele yake, kuanzia konokono hadi vifaranga vya perege. Juu yao wako mamba, kenge, fisi maji, mnandi na mdiria, na kisha binadamu na ndoana na mgono wake.

Perege anastahili kutazamwa kwa karibu. Wakati wa kuzaa, dume hubadilika rangi, akachimba kishimo kwenye mchanga au tope na kukilinda dhidi ya madume wengine. Jike huja, hutaga mayai machache kwa mpigo, kisha papo hapo huyaokota na kuyahifadhi kinywani. Huyabeba humo kwa siku nyingi karibu bila kula, mpaka yaanguliwe humohumo, na hata vifaranga vikishaanza kuogelea hurudi kinywani mwa mama hatari inapotokea. Kambare wa mtoni hutaga mayai kwa maelfu na kuyaacha. Perege hutaga machache na kuyatunza. Ndiyo maana mvuvi anayemvua perege jike msimu wa kuzaa huona vifaranga vikitemwa wavuni: amevua kizazi kizima kwa mara moja.

Mgeni wa kudumu wa mto huu alikuwa mkunga wa maji baridi. Huyu huzaliwa baharini, katika maji ya kina ya Bahari ya Hindi upande wa Madagaska, akaletwa pwani na mikondo akiwa mwembamba na mwangavu kama kioo. Hupanda mto, huishi miaka mingi katika mashimo na chini ya mawe akila kaa, samaki na wadudu, kisha hurudi baharini mara moja tu, kuzaa na kufa. Kwa njia hiyo bahari ilikuwa ikilisha mto, na mto ukailipa bahari.

Upande wa Handeni maisha ya majini yalijifunza kusubiri. Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa, hivyo dimbwi likibaki tope yeye huendelea kuishi, na usiku wa mvua anaweza kujiburuta kwenye nyasi zilizolowa kwenda dimbwi la pili. Katika madimbwi ya msimu ya Tanzania ya mashariki wapo samaki wa ajabu zaidi, wadogo kama kidole, wa jamii iitwayo Nothobranchius. Mmoja wao, wa bonde la Pangani, alielezwa na mtaalamu wa Kijerumani Ernst Ahl mwaka 1924. Dimbwi linapokauka wote hufa, ila mayai yao hubaki hai ndani ya udongo mkavu kwa miezi. Mvua ikinyesha huanguliwa, katika majuma machache tu huwa wakubwa, madume wakang'aa kwa rangi nyekundu na buluu, wakala viluwiluwi vya mbu na wadudu wa maji, wakataga tena kabla jua halijarudi. Mtandao mzima wa ulaji, kuanzia mwani hadi nyange anayewadonoa, huzaliwa na kufa ndani ya msimu mmoja. Mkulima anayefukia dimbwi kama hilo kwa kuliona halina samaki wakati wa kiangazi amekosea: samaki wamo, udongoni.

Reli, mkonge na maji ya korona

Mabadiliko makubwa ya kwanza yaliletwa na jani. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge nchini kutoka Amerika. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huohuo ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kando ya reli na mto yakaenea mashamba ya mkonge, na vibarua waliojulikana kama manamba wakaletwa kutoka mikoa ya mbali. Ardhi yenye vichaka na mabonde ya mafuriko ikawa mistari iliyonyooka.

Mkonge unahitaji korona, mtambo wa kuponda majani na kutoa singa, na korona inahitaji maji mengi. Katika kila kilo 100 za majani, kilo 4 hivi tu ndizo singa. Zinazobaki ni nyama ya jani na maji yake machachu. Kwa miongo mingi uchafu huo ulisukumwa na maji hadi kwenye mifereji na vijito. Ukifika majini huanza kuoza, na vijidudu vinavyouozesha hutumia hewa yote iliyoyeyuka majini. Samaki hupanda juu kutweta, kisha hufa. Kambare, mwenye uwezo wa kuvuta hewa ya nje, hustahimili kwa muda. Hivyo mto wenye samaki wa aina nyingi hubaki na wa aina mbili au tatu zinazovumilia, na mtandao wa ulaji hukatika bila mtu yeyote kutupa wavu. Somo hili lilichelewa kusikika. Mwanzoni mwa karne hii, katika shamba la Hale, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kugeuza mabaki hayo ya mkonge kuwa gesi ya kuzalisha umeme, ushahidi kwamba kilichoua mto kinaweza kuwa mali.

Kutoka Nyanza hadi Korogwe

Wakati Korogwe inavuna mkonge, Ziwa Victoria lilikuwa linavunwa ngege. Nyavu za kutega za Kizungu ziliingia upande wa Kavirondo mwaka 1905, na katika muda wa miaka 20 wavuvi walikuwa wakiona wazi kuwa kila wavu unaleta samaki wachache kuliko zamani. Serikali za kikoloni zikamwita Michael Graham, ambaye mwaka 1927 na 1928 alilizunguka ziwa zima. Ndiye aliyempa ngege jina lake la kisayansi, Oreochromis esculentus kwa jinsi anavyoitwa leo, na ndiye aliyependekeza nyavu zenye tundu dogo kuliko inchi 5 zipigwe marufuku ili ngege apate kuzaa kabla ya kuvuliwa. Ripoti yake ya mwaka 1929 ilikuwa ya kwanza kulitazama ziwa la Afrika Mashariki kama shamba lenye kipimo cha mavuno.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilitaka makoloni yake yajitosheleze kwa chakula, na samaki ikaonekana njia rahisi ya kuwapa watu kitoweo. Mwaka 1947 kilianzishwa kituo cha Jinja, kilichohudumia Uganda, Kenya na Tanganyika. Mwaka uliofuata Rosemary Lowe, aliyekuwa ametoka kuchunguza perege wa Ziwa Nyasa, alijiunga nacho. Alipita katika maziwa, mito na mabwawa akipima samaki, akifungua matumbo yao kuona wamekula nini, akilinganisha meno, rangi za madume na ukubwa wa mayai. Kwa kazi hiyo aligundua kuwa kilichoitwa kwa jina moja la perege kilikuwa ni jamii nyingi, kila moja na maji yake, mlo wake na namna yake ya kuzaa. Ngege huchuja mwani unaoelea. Wengine hukwangua mawe. Wengine hutafuna majani ya majini. Mwaka 1953 aliolewa, na kwa sheria za utumishi wa kikoloni za wakati huo mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kuendelea na kazi. Aliondoka, akaendelea na utafiti wake Amerika ya Kusini na baadaye Uingereza, na hadi alipofariki mwaka 2014 alihesabiwa miongoni mwa mabingwa wa samaki wa tropiki.

Wakati huohuo mabwawa ya majaribio yalikuwa yamekwisha kuchimbwa. Mwaka 1949 ufugaji wa perege ulianza Korogwe, na Malya upande wa Usukuma. Matumaini yalikuwa makubwa: kila kijiji na bwawa, kila mlo na samaki. Mengi ya mabwawa hayo yalikufa kwa ukame, uongozi dhaifu na utaalamu usiolingana na mazingira. Kulikuwa na tatizo jingine, lililotokana na maumbile ya samaki mwenyewe. Perege anayelinda watoto wake kinywani, akiwekwa bwawa dogo lisilo na adui, huzaa mno. Baada ya miezi bwawa hujaa samaki wadogo waliodumaa, wakigombea mwani uleule. Mtoni kambare, ndege na fisi maji huwapunguza. Bwawani kazi hiyo haina mwenyewe. Mfugaji alikuwa amechukua kiungo kimoja cha mtandao na kuacha vingine mtoni.

Jawabu moja lilitoka upande wetu wa dunia, ingawa lilipatikana mbali. Charles Hickling, aliyekuwa mshauri wa uvuvi wa serikali ya Uingereza, aligundua huko Malacca, Malaya, kwamba dume la perege wa asili ya Zanzibar akipandishwa na jike la perege wa Msumbiji, takriban watoto wote huwa madume, na bwawa la madume matupu halijai watoto. Aliitangaza habari hiyo mwaka 1960. Wataalamu wanaamini mbegu hiyo ya Zanzibar ilitokana na perege wa mto Wami, mto wa jirani kusini ya Handeni. Ufugaji wa perege duniani, ambao leo unalisha mamilioni ya watu Asia na Amerika, una deni kwa mito yetu midogo.

Kuta katika mto

Umeme ulikuwa mgeni wa pili mkubwa. Mtambo wa kwanza kwenye maanguko ya Pangani ulijengwa miaka ya 1930. Hale ikafuata mwaka 1964, ukuta wa Nyumba ya Mungu ukakamilika mwaka 1965, na mtambo mpya wa Pangani ukaanza kazi mwaka 1995. Taifa lilipata mwanga, na hakuna wa kulibeza hilo. Lakini ukuta wa bwawa hubadilisha ulaji wa samaki juu yake na chini yake.

Juu ya ukuta wa Nyumba ya Mungu palitokea neema. Maji yalipofunika nyasi, vichaka na udongo wenye rutuba, mboji yote iliyeyuka majini, mwani ukastawi, na perege, pamoja na ngege walioletwa, wakaongezeka kupita kiasi. Wavuvi walimiminika kutoka kila upande, wengine kutoka maziwa makuu, na vijiji vikazuka kandokando ya maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mavuno yakaanza kuporomoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London walilichunguza bwawa mwaka 1974 kwa mapana, kuanzia mimea hadi samaki, na kazi yao inaeleza jambo linalojulikana kwa mabwawa mengi ya tropiki: mavuno ya miaka ya kwanza ni akiba ya ardhi iliyozama, na akiba ikiisha bwawa hurudi kwenye uwezo wake wa kawaida. Aliyeajiri mashua kumi kwa hesabu ya mwaka wa neema hubaki na mashua kumi katika mwaka wa uhaba, na ndipo nyavu zenye matundu madogo huingia.

Chini ya ukuta mambo yalikwenda kinyume. Mafuriko yaliyokuwa yakitandaa katika mabwawa ya asili ya Kirua na mabonde ya Mombo na Korogwe yalipungua. Bonde la mafuriko ndilo shule ya vifaranga: maji ya joto, matete ya kujificha, wadudu tele. Mafuriko yakikosekana, kizazi cha mwaka huo hupungua. Mkunga anayepanda kutoka baharini hugonga ukuta, na aliye juu anayetaka kurudi kuzaa hupita kwenye mitambo. Mjini Pangani, mto uliopungua nguvu umeruhusu maji ya chumvi kupanda juu zaidi. Bonde hili ndilo lililopata ofisi ya kwanza ya maji ya bonde nchini, mwaka 1991, kwa kuwa mvutano kati ya umeme, umwagiliaji, miji na mto wenyewe ulikuwa umekwisha kuonekana. Handeni nayo hunywa humohumo: bomba lake kuu limetegemea maji ya Pangani yanayochotwa upande wa Korogwe.

Somo la sangara

Lililofanyika kwa taratibu Pangani lilifanyika kwa kishindo Victoria. Mwaka 1954 sangara alitiwa humo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaongezwa rasmi. Hoja ilikuwa kwamba ziwa limejaa furu, samaki wadogo wenye miiba wasio na soko; sangara awale, na binadamu amle sangara. Mwaka 1960, kabla jambo halijaamuliwa rasmi, mtafiti Geoffrey Fryer alipinga kwa maandishi. Hoja yake ilikuwa hesabu ya ulaji: kila chakula kinapopanda ngazi moja, kutoka mwani hadi mla mwani, kutoka kwake hadi mla samaki, sehemu kubwa hupotea. Kumlisha sangara kwa furu ili umle sangara ni kupoteza kilo nyingi za furu kwa kilo moja ya sangara, mbali na hatari kwa samaki wa asili. Hakusikilizwa.

Furu hawakuwa takataka. Uchunguzi wa nyavu za kukokota wa mwaka 1969 hadi 1971 ulionyesha kuwa walikuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani. Walikuwa zaidi ya aina 500, na kila kundi lilikuwa na kazi yake: wavunja konokono, wachuja mwani, wala wadudu, wala magamba ya wenzao, wala matope, na hata wale wanaowavamia majike na kuwanyonya vifaranga kinywani. Watafiti wa Uholanzi waliofika Mwanza mwaka 1977, wakishirikiana na Watanzania, walijikuta wakihesabu samaki huku wakiwaona wanatoweka. Katikati ya miaka ya 1980 furu wa Ghuba ya Mwanza walikuwa wamekwisha karibu wote. Inakadiriwa aina 200 hivi zilipotea, tukio kubwa la kutoweka kwa wanyama wenye uti wa mgongo ambalo kizazi chetu kimelishuhudia.

Mtandao wa ulaji uliokuwa na nyuzi mamia ukabaki na chache. Furu wala matope walipotoweka, uduvi waliongezeka wakila matope hayo, na sangara akageukia uduvi, dagaa na watoto wake mwenyewe. Dagaa wakaongezeka. Sato, mgeni wa miaka ya 1950, alichukua nafasi ya ngege. Uchafu kutoka mashambani na mijini ukaongeza mwani, maji ya chini yakakosa hewa, na ziwa likawa na ukungu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba ukungu huo unawazuia furu majike kutofautisha rangi za madume, na aina zilizokuwa mbalimbali zikaanza kuchanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaja gugu maji.

Lazima haki itendeke: sangara alijenga viwanda, akaleta fedha za kigeni, akajenga nyumba Mwanza, Musoma na Bukoba. Uvuvi ulipompunguza, baadhi ya furu wanaokula planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea majini, walirudi. Lakini aliyetoweka harudi, na uamuzi ulifanywa na wachache kwa niaba ya watu wote wa ziwa.

Chotara wa kimyakimya

Pangani haina sangara, na ndiyo sababu hatari yake haionekani. Inakuja kwa sura ya ndugu. Kwa miaka mingi vifaranga vya perege vimesafirishwa kutoka bwawa hadi bwawa, mara nyingi bila anayevibeba kujua ni vya aina gani. Sato wa Nile ameenea. Pamoja naye amepita perege mwingine kutoka maziwa ya magharibi ya Uganda, Oreochromis leucostictus, mwenye vidoadoa vyeupe, ambaye huenda alijichanganya tu katika mapipa ya vifaranga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na Asilatu Shechonge, Benjamin Ngatunga wa taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, na wenzao wa Uingereza, uliwakuta wageni hawa katika mabonde mengi ya Tanzania, urithi wa miongo ya kupandikiza kwa makusudi.

Mgeni wa aina hii ana njia mbili za kumwangusha mwenyeji. Ya kwanza ni kugombea naye mwani, kiota na maficho. Ya pili ni kuzaa naye. Perege wa aina tofauti wakikutanishwa hupandana, na watoto wao chotara huzaa pia. Baada ya vizazi kadhaa samaki wako tele, soko limejaa, lakini yule wa asili hayupo. Hakuna mzoga ufukweni wa kumshtua mtu.

Perege wa Korogwe yumo katika habari hiyo. Makazi yake ni Pangani na Zigi, na kundi la pili liko mbali kusini, katika maziwa madogo ya Lindi kama Rutamba, Nambawala na Mitupa. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba kundi la kusini ni la pekee kiasi cha kustahili kuhesabiwa peke yake, na uchunguzi huohuo ukakuta tayari limechanganyika na mgeni mwenye vidoadoa. Tulitambua utajiri huo wakati tunaupoteza.

Kwa nini tujali? Kwa mfugaji wa Handeni sababu ni ya kesho yake. Perege wa asili wamekaa katika maji haya kwa maelfu ya miaka, wamezoea tope lake, joto lake na magonjwa yake. Mbegu bora ya kesho itatoka kwao, kama ile ya Zanzibar ilivyotoka kwa perege wa Wami. Ukiua mbegu ya asili unafunga duka ambalo hujalifungua.

Tufanye nini

Mambo ya kufanya yanajulikana na si ya gharama kubwa. Vifaranga vya sato visimwagwe katika mto, ziwa wala lambo linalofurika kuelekea mtoni; kama ni lazima wafugwe, bwawa liwe na kizuizi na liwe mbali na bonde la mafuriko. Maofisa uvuvi wa Korogwe, Handeni, Muheza na Pangani wafundishwe kutofautisha perege: michirizi ya wima mkiani humtambulisha sato, vidoadoa vyeupe humtambulisha yule wa Uganda. Vituo vya kuzalisha vifaranga vitenge walau bwawa moja kwa perege safi wa Pangani, waliothibitishwa na TAFIRI. Maji ya korona yasiguse kijito. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, inapogawa maji, iuhesabu mto wenyewe kuwa mtumiaji mwenye haki, na iruhusu mafuriko ya msimu yafike kwenye mabonde ya kuzalia. Madimbwi ya Handeni yasifukiwe kwa sababu tu yamekauka. Na walimu wa shule za Korogwe wawaambie watoto kwamba yuko samaki duniani anayeitwa kwa jina la mji wao.

Korogwe ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza katika nchi hii pa kuwafuga samaki na kuwahamisha. Sasa iwe mahali pa kwanza pa kuwahifadhi. Perege wa kaskazini hawana makazi mengine zaidi ya Pangani na Zigi, na sisi tuishio kando ya mito hiyo ndio wenye wajibu wa kuwalinda.